Changisho la darasa kwa shule ya jeshi mliyosoma: mwongozo kamili, kuanzia orodha ya majina hadi makabidhiano

Mwongozo huu ni wa watu waliomaliza pamoja, mwaka uleule, katika shule inayomilikiwa na jeshi na sasa wanataka kuirudishia kitu. Nawafikiria zaidi waliosoma Makongo, iliyo chini ya JWTZ, au Jitegemee ya JKT pale Mgulani, Dar es Salaam. Wenzetu wa Moi Forces Academy, ya Nairobi na ya Lanet, nao watakuta mengi ya kuwafaa, ingawa sheria na taasisi nitakazotaja ni za Tanzania. Kwa sehemu kubwa kazi ni ileile ya changisho lolote, isipokuwa mambo mawili matatu ambayo jeshi linayabadilisha kabisa, na hayo ndiyo kamati hugundua wakati fedha zimeshaanza kuingia.

Jambo ninalolisisitiza tangu mwanzo ni hili: hesabuni watu kabla ya kuhesabu shilingi. Mwenzenu mmoja aliyefanikiwa anaweza kulipia mradi wote kwa hundi moja, na mtapiga makofi. Mwaka unaofuata mtamsubiri tena yeye. Darasa ambalo watu sabini wametoa, hata kama arobaini kati yao walitoa elfu kumi kwa mwezi, lina watu sabini wanaouliza tangi limefika wapi, fundi ni nani, na funguo za maabara anazo nani. Hao ndio wanaolinda mradi.

Kati ya wanaofanya kazi hii kwa muda mrefu ni wahitimu wa vyuo vya kijeshi vya Marekani. West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la nchi kavu la huko, ilianzishwa mwaka 1802, na chama cha wahitimu wake kipo tangu 1869. Mwanafunzi wa pale halipi ada, serikali ndiyo inayogharimia mafunzo. Wahitimu wanachangia yale ya ziada ambayo bajeti ya serikali haiyafikii, na wanachangia kwa madarasa: kila mwaka wa kuhitimu una viongozi wake na zawadi yake, na wanapokutana kuadhimisha miaka 10, 25 au 50 ndipo kampeni hupamba moto. Asilimia ya waliotoa katika kila darasa hufuatiliwa pamoja na jumla ya fedha.

Tena si kila zawadi yao ni fedha. Darasa la wazee huambatana na lile litakalohitimu miaka 50 baada yao, tangu linapoingia, na vijana wanapohitimu wazee hao huwapa alama zao za kwanza za begani za luteni. Na tangu darasa la 2002, pete za wahitimu wa zamani, nyingi zikiwa zimetolewa na familia za waliofariki, huyeyushwa na dhahabu yake kuchanganywa katika pete za vijana. Hatuna desturi ya pete, lakini darasa lililomaliza miaka 20 iliyopita linaweza kabisa kukichukua kidato cha nne cha mwaka huu kiwe chao: kuwatembelea, kuwaeleza kazi zilivyo huko nje, kuwanunulia mitihani ya majaribio. Liingizeni hili kwenye mpango tangu sasa. Mwenzenu asiye na fedha mwaka huu naye apate cha kutoa.

Barua kwanza, kundi la WhatsApp baadaye

Kwa shule ya kawaida ungeanza na watu. Kwa shule ya jeshi anza na ruhusa. Ardhi ni ya jeshi, majengo ni ya jeshi, mara nyingi shule iko ndani ya kambi au imepakana nayo, na mkuu wa shule ni ofisa mwenye mkubwa wake. Hawezi kupokea hata matangi mawili ya maji kwa maneno ya mdomo. Kamati ikishatangaza mradi, ikakusanya milioni kadhaa, halafu jibu likaja kwamba eneo lile limepangiwa kazi nyingine, hakuna maelezo yatakayowarudisha wachangiaji.

Kwa hiyo andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa shule, mkimwomba aifikishe ngazi zinazohusika. Semeni ninyi ni akina nani na mlimaliza mwaka gani, kwamba mnakusudia kuchangia shule, kwamba mnaomba kikao cha kuelezwa mahitaji, na kwamba hakuna fedha itakayokusanywa kabla ya kupata kibali cha maandishi. Sentensi hiyo ya mwisho inafungua milango mingi. Wekeni majina matatu na namba za simu, kisha subirini. Jibu linaweza kuchukua wiki au miezi, kwa sababu barua inapanda ngazi na kushuka. Msimtume mwenzenu mwenye cheo kikubwa akaharakishe kwa simu. Mkuu wa shule atakubali kwa sababu ya cheo, si kwa sababu mradi umekaa sawa, na siku ofisa huyo akihamishwa, ruhusa yenu nayo inayumba.

Humohumo ombeni maelekezo kuhusu picha. Maeneo ya jeshi hayapigwi picha bila kibali, na kampeni ya siku hizi inaishi kwa picha. Ulizeni ni sehemu gani zinaruhusiwa, nani atapiga, na nani atazipitia kabla hazijasambazwa. Mkipewa jibu la "ndani ya darasa tu, bila kuonyesha geti wala magari", lifuateni hivyohivyo, na mtangazieni kila mtu, kwa sababu siku ya makabidhiano watu hamsini watakuwa na simu mkononi.

Kuwatafuta watu wenu

Wakati barua inasubiri majibu, tengenezeni orodha. Njia ninayoiamini ni ya mikondo: mtu mmoja wa kidato cha nne A, mmoja wa B, mmoja wa C; au kwa waliomaliza cha sita, kwa tahasusi, mmoja wa PCM, mmoja wa PCB, mmoja wa EGM, mmoja wa HGL. Kila mwakilishi anaandika majina anayoyakumbuka kwa mpangilio wa walivyokaa darasani. Ukianza na dawati la mbele kushoto na kusonga mbele, majina yanakuja yenyewe, hata ya yule aliyehama kidato cha tatu. Baada ya hapo linganisheni na kumbukumbu za shule kama mkuu ataruhusu.

Safu za orodha zisizidi hizi: jina la shuleni, jina la sasa (dada zetu wengi wamebadilisha), mkondo, simu, mji, na nani anawasiliana naye. Msikusanye kingine. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zaidi ya hapo, baadhi ya wenzenu ni wanajeshi walio kazini. Kikosi chake, cheo chake na mahali alipo kwa sasa havihusiani na changisho na havipaswi kukaa kwenye jedwali linalozunguka kwenye simu za watu. Mwenzenu aliye Kongo au Jamhuri ya Afrika ya Kati kwenye ulinzi wa amani aandikwe tu "atapatikana baadaye".

Waliotangulia mbele za haki wawe na ukurasa wao. Waulizeni ndugu zao kabla ya kutaja majina hadharani. Mara nyingi mjane au kaka wa marehemu hupenda kuchangia kwa jina lake, lakini aachwe aseme mwenyewe.

Nini cha kununua

Hapa ndipo kamati zinapenda kukimbia, nami nawasihi mtulie. Mkipata kikao na mkuu wa shule, ombeni pia kuongea na watu wanaoshika vitu kwa mikono: mwalimu wa maabara, mtunza stoo, matroni, fundi wa shule. Mkuu atawaambia kompyuta 40. Mwalimu wa maabara atawaambia gesi ya kufanyia mazoezi ya kemia huisha kabla ya muhula kuisha. Matroni atawaambia mabinti wanapanga foleni saa kumi na moja alfajiri kwenye bomba moja. Wote wanasema kweli, na kazi yenu ni kuchagua kitu kimoja ambacho darasa lenu linaweza kukimaliza.

Kwa darasa linalochangisha mara ya kwanza ningechagua maji au vyoo kabla ya kompyuta. Kompyuta zinataka chumba chenye nondo, umeme wa uhakika, mtu wa kuzitunza na fedha ya kuzibadilisha baada ya miaka michache. Tangi la lita 10,000 juu ya mnara wa chuma, pampu, mabomba na matundu ya vyoo vinaeleweka kwa kila mchangiaji, na mtu anaweza kwenda kufungua bomba akaona. Madarasa mazima yawe ndoto ya changisho la tatu au la nne.

Mkishachagua, mleteni fundi au mhandisi apime na aandike mchanganuo wa gharama: saruji mifuko mingapi, nondo za milimita ngapi, mabomba mita ngapi, ufundi kiasi gani. Chukueni ankara kifani (proforma) kutoka maduka matatu kwa kila kifaa kikubwa. Ongezeni asilimia 10 ya dharura, kwa sababu bei ya chuma haiwasubiri mmalize kuchanga, na asilimia 10 nyingine ya matengenezo ya miaka miwili ya mwanzo. Pampu itaungua, na ikiungua mwezi wa nane baada ya sherehe, shule isilazimike kuwapigia simu.

Muulizeni mkuu wa shule swali moja ambalo watu huona aibu kuliuliza: nani atalipia umeme wa pampu hii? Jibu liingie kwenye muhtasari wa kikao.

Kugawa lengo

Tuchukue mfano. Mradi wote, pamoja na dharura na matengenezo, ni shilingi milioni 24. Orodha yenu ina watu 120 wanaopatikana. Msigawanye 24 kwa 120 mkatangaza kila mtu 200,000. Hesabu hiyo inaonekana ya haki lakini haifanyi kazi: aliye na uwezo wa milioni mbili atatoa laki mbili na kuona amemaliza, na asiye na uwezo wa laki mbili hatatoa chochote, atanyamaza, kisha atajitoa kundini usiku.

Chukulieni kwamba watu 72 watatoa, yaani asilimia 60. Kisha pangeni hivi: wanne watoe 2,000,000 kila mmoja, hiyo ni milioni 8. Wanane watoe 700,000, hiyo ni milioni 5.6. Ishirini watoe 300,000, milioni 6. Arobaini watoe 110,000, milioni 4.4. Jumla ni milioni 24 kamili. Na angalieni hiyo 110,000: ni elfu kumi kwa mwezi kwa miezi kumi na mmoja. Mwalimu wa shule ya msingi anaiweza. Mama mwenye genge la mboga anaiweza mwezi ukiwa mzuri.

Baada ya hapo kaeni na orodha, watu watatu tu wa kamati, muandike kwa penseli nani anaweza kuwa wapi. Hii karatasi haitoki nje ya chumba. Kama hamwoni majina nane ambayo kwa dhati yanaweza kutoa milioni mbili, ili mpate wanne, punguzeni mradi sasa, kabla ya kutangaza.

Kamati, vyeo na akaunti

Darasa la shule ya jeshi lina tatizo lake la pekee: miaka 20 baadaye mmoja ni luteni kanali, mwingine ni koplo, mwingine ana duka Kariakoo, mwingine ni daktari Muhimbili. Ndani ya kikao afande na koplo ni wanafunzi wa darasa moja, na inabidi mkubaliane hivyo kwa maneno. Mwanajeshi aliye kazini asipewe kazi ya kumwomba fedha mtu aliye chini yake kijeshi. Hata akiomba kwa upole, yule wa chini anasikia amri. Simu kwa wanajeshi wapige raia, na simu kwa mkubwa apige mtu aliyekaa naye dawati moja.

Kwa sababu hiyohiyo mweka hazina awe raia au mstaafu. Ofisa anaweza kupata uhamisho au safari ya kikazi wiki yoyote, na akaunti isisimame kwa sababu mtia saini yuko mafunzoni. Wenye vyeo wafanye kile wanachokiweza kuliko wengine: kuwaeleza taratibu za kambi, kusoma barua zenu kabla hazijatumwa, kujua ofisi ipi inahusika.

Na siasa ikae mbali. Katiba ya nchi, ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa. Mwenzenu aliye mbunge au anayetaka ubunge achangie kama mwenzenu, jina lake likae kwenye orodha kama la kila mtu, asipewe kipaza sauti siku ya uzinduzi, na fulana zenu zisiwe na rangi ya chama chochote.

Kuhusu fedha, msikubali hata siku moja michango ipite kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Najua ndivyo wengi wanavyoanza, "tumeni kwa Asha kwanza tukifungua akaunti atahamisha". Asha ni mwaminifu. Lakini simu ya Asha inaibiwa, laini inafungwa, salio lake linachanganyika na ada ya mtoto, na mtu mmoja mwenye ulimi mrefu anatosha kumharibia jina. Fungueni akaunti ya kikundi benki yenye lipa namba, ili mtu wa M-Pesa na wa Airtel Money walipe moja kwa moja. Benki itataka katiba yenu, muhtasari wa kikao kilichoamua kufungua akaunti, majina ya watia saini na vitambulisho vyao vya NIDA, na kwa kawaida hati ya usajili. Mkitaka kudumu kama jumuiya ya wahitimu, usajili uko chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Mkitaka kumiliki mali kwa muda mrefu, wadhamini wenu wanasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Watia saini wawe watatu, na kila malipo yahitaji wawili.

Kama kampuni ya mmoja wenu inataka kuweka kiasi kikubwa, aende mapema Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, inayosimamia Mfuko wa Elimu ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001, aulize utaratibu wa kupitishia mchango kwao na nafuu ya kodi inayoweza kupatikana. Walio Marekani watauliza swali lao la kodi. Waambieni ukweli, kwamba mchango kwenye akaunti yenu ya Dar es Salaam hautawapunguzia kodi ya huko, kwa kuwa haukupitia taasisi ya hisani iliyotambuliwa na serikali ya Marekani.

Kalenda: anzeni na siku ya makabidhiano

Shule zetu hufanya mahafali ya kidato cha nne kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba, na hiyo ndiyo siku nzuri ya kukabidhi: wazazi wapo, walimu wapo, na wanafunzi wanaoondoka wanaona waliowatangulia walichofanya. Watu wa shule za JWTZ huvutiwa na tarehe 1 Septemba, siku jeshi lilipoanzishwa mwaka 1964, na wa JKT hutaka 10 Julai, kumbukumbu ya 1963. Tarehe hizo zina maana kubwa, lakini viongozi wa jeshi siku hiyo wana shughuli zao. Zitumieni kwa ujumbe wa kuhamasisha na kwa risala fupi, sherehe yenu iwe siku nyingine.

Tukisema makabidhiano ni Oktoba ya mwakani, basi Agosti hadi Oktoba ya mwaka huu ni kazi ya kimyakimya, uzinduzi ni mwanzoni mwa Novemba, na malipo ya kila mwezi yanaanza Novemba hadi Septemba, ile miezi kumi na mmoja. Ujenzi uanze Juni, fedha nyingi zikiwa zimeshaingia na mvua za masika zimeisha. Januari msiombe mchango mpya wowote, watu wako kwenye ada. Kumbusheni tarehe 25 hadi mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa umeingia. Ramadhani na Kwaresima msiwe na vikao vya chakula cha mchana.

Kazi ya kimyakimya

Kabla hamjatangaza, kila mjumbe wa kamati awe ameweka ahadi yake na ameanza kulipa. Mtu ambaye hajatoa hawezi kuomba, sauti inamsaliti. Kisha waendeeni wale wenye uwezo wa milioni mbili, ana kwa ana. Waende wawili, mmoja akiwa rafiki yake wa tangu shule. Chukueni barua ya kibali, mchanganuo wa fundi na picha mliyoruhusiwa. Mkiketi, msiombe katika dakika kumi za kwanza. Mpeni nafasi akumbuke mchakamchaka, filimbi ya asubuhi, na yule mwalimu wa nidhamu aliyejua jina la kila mtu. Kisha mmoja aseme waziwazi:

"Kaka, mradi ni milioni 24. Tunahitaji watu wanne watakaotoa milioni mbili mbili ili wengine wapate moyo. Tumekuja kukuomba uwe mmoja wao, kwa mkupuo au kwa awamu, utakavyoona."

Halafu nyamazeni. Kishawishi cha kuendelea kuongea ni kikubwa, na wengi hujipunguzia wenyewe: "au hata milioni moja tu". Mwacheni afikiri. Akisema laki tano, mshukuruni kwa dhati na muandike laki tano.

Ahadi na fedha zilizoingia zikifika kama milioni 9 au 10, tangazeni. Uzinduzi unaoanzia sifuri unawaachia watu wasubiri kuona nani atatangulia. Ukianzia milioni 10, swali la mtu linakuwa yeye ataingia wapi.

Kundi la WhatsApp na ile orodha

Kila mmoja wetu anaijua. "1. Juma 50,000 ✅ 2. Neema 100,000 ✅ 3. Mushi 20,000 (ahadi)". Kila anayetoa anainakili, anaongeza jina lake na kuirusha tena. Ikifika namba 30 kuna orodha tatu tofauti zinazozunguka, Neema ametoweka kwenye moja na Mushi amelipa lakini bado anasomeka ahadi. Kubwa zaidi, mwenye elfu kumi anaiangalia namba 2 na kufunga simu.

Badala yake, mweka hazina peke yake ndiye achapishe, kila Ijumaa jioni, ujumbe mmoja. Majina ya waliotoa wiki hiyo bila viwango. Jumla iliyoko benki. Asilimia ya kila mkondo. Kitu kama hiki:

"Wiki ya 6. Tunawashukuru Bahati, Rehema, Kimaro, Zuhura na Deo. Benki: 11,340,000. Walioshiriki: PCM 58%, PCB 61%, EGM 44%, HGL 70%. Taarifa ya benki imeambatishwa. EGM, kulikoni?"

Mashindano ya mikondo yanaamsha watu kuliko hotuba yoyote, na kwa kuwa kinachopimwa ni asilimia ya watu, elfu kumi ya mmoja inainua mkondo sawasawa na milioni mbili ya mwingine. HGL watawasumbua EGM hadi usiku wa manane.

Wasiojibu wapigiwe simu na mwakilishi wa mkondo wao, si kutajwa kundini. Simu ianze kwa habari za mtu. Mara nyingi utakuta anauguza, au amepunguzwa kazini. Hapo changisho linasimama, unamsikiliza, na unamwambia jina lake liko palepale kwenye orodha ya darasa.

Misiba itatokea katikati ya kampeni, na rambirambi zitakusanywa. Andikeni kwenye katiba, na msirudi nyuma: fedha ya mradi haikopeshwi kwa msiba, kwa harusi, wala kwa mgonjwa. Rambirambi ziwe na mtu wake na namba yake. Wiki ya msiba, ujumbe wa Ijumaa usitumwe.

Ujenzi na malipo

Lipeni duka moja kwa moja kutoka akaunti ya kikundi, na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa kila ununuzi. Fundi alipwe kwa hatua zilizoandikwa: msingi, mnara, mabomba, kumaliza. Baki na asilimia 10 ya ufundi wake hadi mfumo utumike wiki nne bila kuvuja.

Orodhesheni mapema kwa mkuu wa shule majina ya mafundi na namba za magari yatakayoingia. Gari la mchanga likizuiwa getini kutwa nzima, ni ninyi mtakaolipa siku hiyo. Mmoja wenu anayeishi karibu awepo saruji inaposhushwa, ahesabu mifuko, asaini na mtunza stoo. Mchanga upimwe kwa lori lililojaa, si kwa maneno ya dereva.

Makabidhiano na baada yake

Chakula, fulana na muziki wa siku ya makabidhiano vilipwe kwa mchango tofauti wa wanaohudhuria. Ukipika pilau kwa fedha ya mabomba, jambo hilo litasemwa miaka kumi.

Andaeni hati ya makabidhiano ya nakala tatu: ya shule, ya mamlaka iliyo juu ya shule, na yenu. Iorodheshe kila kifaa, ukubwa wake, namba yake ya utambulisho, bei na dhamana ya duka. Hakikisheni vifaa vinaingizwa kwenye leja ya shule siku hiyohiyo, kwa sababu mkuu wa shule wa leo anaweza kuhamishwa mwakani, na atakayekuja atasoma leja. Kibao ukutani kiandikwe mwaka wa darasa na neno fupi. Majina ya watu na viwango vya fedha visiwekwe, na maandishi yake yapitishwe na shule kabla ya kuchongwa.

Ndani ya wiki mbili kila aliyetoa, awe wa elfu kumi au wa milioni mbili, apate ujumbe wake binafsi wenye jina lake, kiasi alichotoa, na picha moja iliyoruhusiwa. Wenzenu wa ulinzi wa amani wanaorudi baadaye watumiwe pia, na wapewe nafasi ya kuchangia matengenezo.

Wekeni taarifa ya mwisho yenye safu mbili, iliyoingia na iliyotoka, ikikaguliwa na mwenzenu mhasibu ambaye hakuwa kwenye kamati. Fedha ya matengenezo ibaki kwenye akaunti, na mtu mmoja apewe kazi ya kwenda shuleni kila baada ya miezi mitatu kufungua mabomba, kuangalia pampu na kuongea na matroni. Faili zima, yaani barua ya kibali, mchanganuo, ankara, sampuli za ujumbe na ile hati, tengenezeni nakala yake muwape waliomaliza mwaka uliofuata wenu. Watakuwa wameshaanza kuuliza.